Mama Asiye na Paji la Uso

Kwa miaka mingi Nohemi alipaka uso uleule katika karakana za sanaa za mji wa La Palma: yai, macho kama mbegu mbili, mstari mmoja wa pua. Watalii waliupenda. Bega lilipokataa kunyanyuka, akaenda kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza uso huohuo. Leo walikuwa wakichora mama zao kwa sikukuu ya akina mama, kesho.

"Chora yai," alisema kwa sauti iliyochoka. "Halafu ongeza kidogo tu. Kile ambacho ukikiondoa, si mama tena."

"Mwalimu, mama yake Delmy hana kichwa!" Wilber alipaza sauti. "Kakatwa na panga!"

Darasa likaangua kicheko. Nohemi akasogea akiburuta miguu. Kweli, Delmy alikuwa amechora kidevu kipana, matundu mawili ya pua, na macho yaliyogusa ukingo wa juu wa karatasi. Basi. Paji la uso halikuwepo.

Nohemi akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, ammalizie upesi aende zake. Delmy akaifunika karatasi kwa viganja.

"Usimpake nywele za watu! Kesho bibi atamwonyesha mama picha hii kwenye simu. Akiona si yeye, atadhani nimemsahau."

"Lakini mama yako ana paji la uso, mwanangu."

"Labda. Mi sijaliona. Huwa anaiweka simu kwenye sinki, akiosha vyombo."

Mama yake alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo, Hyustoni, Delmy akiwa bado anatambaa. Nohemi akaweka brashi chini.

Kesho yake bibi yake Delmy, Transito, aliinua simu mbele ya ukuta wa darasa uliojaa mayai yanayofanana.

"Mama, jitafute!" Delmy alisema.

Macho ya mama yake yakasogea karibu na kioo cha simu.

"Jamani! Mwenye mapua hayo si mimi?" Kicheko kikapasuka. "We mtoto, kwani mimi ni pua tupu? Hebu nitazame."

Mama yake akainyanyua simu yake kutoka kwenye sinki. Likatokea paji pana la uso, kovu dogo, na nywele chini ya kofia ya plastiki. Delmy alilitazama mpaka Transito akachoka mkono.

"Mwalimu, nipe brashi."

"Karatasi imeisha juu, Delmy."

Bega lilimuuma Nohemi, na viti vyote vya sikukuu vilikuwa vinamngoja avipange. Akajikongoja hadi kabatini.

"Ngoja. Nilete nyingine, na gundi."