Aya Zilizoongezwa Baadaye

Kosa nililifanya mchana kweupe, mbele ya kina mama wa kanisa letu, kijiji kimoja kupita Buigiri. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha theolojia, nimerudi likizo, kimbelembele kimenijaa. Nikawaeleza kwamba aya za mwisho za Injili iliyo fupi kuliko zote, zile zinazotaja waamini kuwawekea wagonjwa mikono, hazimo katika nakala kongwe kabisa. Ziliongezwa baadaye. Wakasema, "Mwanetu kasoma!" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikazidisha.

Mama alikuwa benchi la mbele. Kwetu kila mmoja hupewa aya yake na mchungaji siku ya kipaimara, na yeye alipewa hiyo ya kuwawekea wagonjwa mikono, akaishika maisha yake yote. Kwa aya hiyo aliitwa nyumba hadi nyumba kuwaombea wagonjwa, hata na wafugaji wasiokanyaga kanisani. Haya yote niliyajua. Sielewi kwa nini sikufunga mdomo.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo Yesu hakusema?" Nikajibu kwamba kihistoria hatuwezi kuthibitisha. Tangu siku ile akiitwa kwa mgonjwa anapeleka uji, anatoa pole, anarudi.

Nilijaribu mara nyingi kumrudisha. Nilimweleza kwamba kanisa lilizipokea aya hizo kuwa Maandiko, kwamba umri wa nakala ni swali moja na imani ni lingine. Darasani maneno hayo yalinipatia alama nzuri. Mama aliendelea kupepeta uwele wake.

"Ungeanza na hayo, mwanangu."

Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka jana mdogo wake wa pekee, mama yangu mdogo, alirudishwa kutoka hospitali ya mjini. Madaktari walikuwa wamemaliza yao. Nilitoka kwangu Ipagala, mjini, asubuhi, nikamkuta kitandani akimwomba dada yake amwekee mikono. Mama alikuwa ameketi pembeni, mikono ameificha ndani ya kitenge.

"Nitamwekea kwa neno lipi?" aliniuliza. "Mwekee wewe, unayejua lililo kweli."

Niliogopa. Nikaweka viganja kwenye paji la uso lililowaka homa, nikaomba maneno ambayo hata siyakumbuki. Mama mdogo alifumbua macho, akanitazama kwa upole.

"Ahsante, baba. Sasa mwambie dada aje."

Dada yake alikuwa hatua mbili kutoka pale, analia, mikono bado ndani ya kitenge.