Fimbo ya Kupimia Dizeli

Asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mama mdogo Zita alikuwa anatoka uani na fimbo. Anafungua mfuniko wa tanki la lori, anaitumbukiza mpaka iguse chini, anaivuta polepole na kutazama imelowa mpaka wapi. Halafu anaipangusa na kuitundika msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Hapo ndipo anaanza kusalimia watu. Hata siku ambayo lori halina safari alipima.

"Shemeji, mafuta hayazai usiku," baba yangu alikuwa anamtania.

"Hayazai, lakini yanaibwa."

Geji ya lori ilikufa tangu enzi za marehemu mume wake, baba mdogo Vitus. Mshale ulilala, hauamki hata ujaze tanki mpaka limwagike. Kwa hiyo mama mdogo alichonga fimbo ya mkaratusi, akaichoma alama kwa msumari wa moto. Namba hakuandika. Kila alama ilikuwa na jina la mahali kwenye njia ya kutoka kwetu kwenda Mpanda: chini kabisa Chala, juu yake Kizi, halafu Sitalike, halafu Mpanda, na zile za juu zaidi ni za kurudi. Ukimuuliza mafuta yamebaki kiasi gani, hakutajii lita. Anakwambia, "Tunafika Kizi na kuvuta pumzi."

Kuendesha alifundishwa na mumewe, kwenye njia za mashamba ya Kasense, wakibeba mahindi na ulezi. Baba mdogo alipofariki, ukoo ulikaa ukaamua lori lisimamiwe na kaka mkubwa, yaani baba yangu, Isdori. Baba hajui kuendesha. Basi yeye akawa anatafuta mizigo, mama mdogo anashika usukani. Wapi ajaze mafuta, wapi apite tu, wapi alale, hayo alipanga mwenyewe na hakuna aliyemuuliza. Mimi niliona kwamba katika nyumba ile, hicho ndicho kitu pekee alichokiita chake.

Mwaka mmoja akaja Jafeti, mfanyabiashara wa Mbeya anayenunua maharage huku kwetu, na mzigo wa kwenda Tabora. Lori letu lilikuwa halijawahi kuvuka Mpanda. Wakasimama uani wakibishana, mimi napepeta ulezi.

"Ukitoka Mpanda mpaka Sikonge ni msitu," mama mdogo alisema. "Katikati sheli ninayoiamini ni ya Inyonga, basi. Nataka madumu mawili ya akiba nyuma ya kichwa cha lori."

"Madumu mawili ni nafasi ya gunia," baba akasema. "Kumbe unaogopa miti?"

"Siogopi miti, shemeji. Ila miti haiuzi dizeli."

Jafeti alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada Zita, chukua dumu moja. Hilo gunia nusu nitakaa nalo mapajani."

Baba hakucheka. "Haya, nenda. Lakini ukikwama njiani, kuanzia siku hiyo mambo ya mafuta nayapanga mimi."

"Sawa," mama mdogo akasema, kama mtu aliyeambiwa afunge mlango.

Aliondoka na Jafeti na mzee Kasimiri, utingo wa tangu enzi za Vitus, mtu ambaye mdomo wake haupumziki. Ya safarini alitusimulia yeye, mama mdogo akimkata pale tu alipozidisha chumvi.

Mpanda walikuta dizeli imepungua, kila gari linapewa kidogo kidogo. Mama mdogo akatumbukiza fimbo pale pale sheli. Ikalowa kupita alama ya Mpanda mpaka ile ya kurudi Sitalike, nayo kwa hesabu yake ilitosha kufika Sikonge. Inyonga akapima tena, fimbo ikasema bado yapo. Akapita.

Walipovuka mto Koga, lori likakohoa na kuzimika. Kulia msitu, kushoto msitu, na mbung'o wameshaingia dirishani.

"Zita," mzee Kasimiri akasema, "fimbo yako imetuuza."

"Nyamaza, baba, ushike dumu."

Wakamimina dumu zima, wakapiga pampu kwa mkono kutoa hewa kwenye njia ya mafuta. Kabla ya kuwasha, akatumbukiza fimbo. Akaitazama sana. Dumu moja nyumbani hulowesha mpaka Chala, anajua hivyo kama anavyojua jina lake. Pale barabarani dumu lile lile lilikuwa limepita Kizi. Akainama kutazama barabara, ni tambarare kama meza, akaanza kucheka peke yake.

"Amechanganyikiwa," Jafeti akamnong'oneza Kasimiri.

"Sijachanganyikiwa. Ni uwanja wetu!"

Uwanja wetu wa nyumbani, Malangali, una mteremko. Lori hulala pua chini kuelekea barabarani, na mdomo wa tanki uko nyuma, upande wa juu. Mafuta yote yanakimbilia mbele, fimbo inalowa kidogo. Alama zote alizichomea pale, na siku zote alipimia pale. Mahali tambarare mafuta yale yale yanapanda juu ya fimbo, unadhani ni mengi.

"Nimekosea mimi, si fimbo," akawaambia. "Twende. Hili dumu linafika Sikonge nisipokanyaga sana." Lilifika. Maharage yakashushwa Tabora yakiwa salama.

Waliporudi, baba alikuwa ameshapigiwa simu na watu wasiokosekana. Hakungoja hata lori lizimwe.

"Ulikwama?"

"Nilikwama. Na nimejua kwa nini. Safari ijayo nitachoma fimbo nyingine Mpanda, kwenye tambarare, na madumu yatakuwa mawili."

"Safari ijayo nitakwambia mimi ujaze wapi. Na dumu hakuna."

"Hujawahi kuiona hiyo njia, shemeji."

"Lori ni langu."

Jafeti alikuwa bado amesimama getini na begi lake. Njiani alikuwa ameshamwambia mama mdogo kwamba ana Fuso Mpanda linalokaa bila dereva, na anataka dereva wa kubishana naye juu ya madumu. Alikuwa hajajibiwa.

Kesho yake asubuhi mama mdogo alitoka na fimbo kama kawaida. Akapima, akaipangusa, akaitundika. Ufunguo akauweka mezani mbele ya baba, aliyekuwa anakunywa uji.

"Mna mafuta ya kufika Kizi," akamwambia. "Na fimbo nawaachia. Hapa uani inasema kweli."

Baba akasema, "Utarudi jioni."

Mama mdogo akanishika bega, akachukua begi lake, akateremka uwanja wetu mpaka getini. Hakugeuka. Sasa ni mavuno ya pili tangu aondoke, na simu za madereva zinasema ameonekana Inyonga, ameonekana Sikonge, madumu mawili nyuma ya kichwa cha Fuso.