Mama Pange na chupa za tope

Asubuhi, kabla hata hajavua koti, Mama Pange anainama mbele ya rafu na kumulika chupa za tope moja moja. Kila chupa ina funza wake. Leo moja inamfanya avute kiti na kukaa.

"Huyu ametoka," ananong'ona. "Ngoja mabawa yakauke, nisije nikajisifu bure."

Jina hilo la utani alipewa na wenzake wa jumba la kuhifadhia wadudu. Pange ni wale nzi wakubwa wanaouma ng'ombe na watu, na kazi yake ni kuwanasa, kuwatunga kwenye sindano na kuwapanga, kila aina na sanduku lake.

Kuwanasa kunataka ngozi tu. Hukaa kando ya kinamasi, akakunja mkono wa gauni na kungoja. "Mume wangu husema nalipwa kwa kuumwa," anacheka.

Taabu ni kwamba wanaouma ni majike peke yao. Madume hujinywea maji ya maua, hawana haja na mtu. Hivyo kuna sanduku la majike wenye mabawa ya madoadoa, wanaojulikana vizuri, na jingine la madume walionaswa kwa bahati, wasiojulikana ni wa akina nani. Sura zao hazifanani, na kuwaoanisha kwa kukisia ni kujitafutia aibu.

Dawa ni kulea mayai ya jike mmoja mpaka watoto waruke. Mwaka juzi alijaribu, akawatia funza wote katika beseni moja, akaenda zake nyumbani. Baada ya muda alimkuta mmoja, amenona.

"Walitafunana, ndugu wa tumbo moja," anasema. "Nililia, sikufichi. Bosi hakunigombeza, alikwenda kununua chupa."

Safari hii mabinti wamekwisha toka. Aliyekuwa akingojwa ni kaka yao.

Anainua chupa kwenye mwanga. Mabawa hayana hata doa moja la mama, na macho yamekutana katikati ya paji, kama ya madume wote. Bosi anakuja, anamlinganisha na wale wa sanduku la pili, anarudia tena, kisha anampa mkono.

"Hongera, mama. Ndio hawa hawa."

Mama Pange amefurahi mpaka miguu haitulii.

"Bado wamo madume wengine humo hawana kwao," anasema akijikuna mkono. "Mvua zikianza, narudi kinamasini."

Kisha anafungua sanduku la majike na kusogeza safu ya kwanza taratibu, mpaka inapatikana nafasi ya sindano moja, ya dume huyu, kando ya mama yake.