Nilivyoleta Kilio Ofisini

Nimezurura miji mingi, lakini aibu ilinisubiri Lubumbashi, ambako nachunga VPN, ile njia salama inayounganisha kompyuta zetu na depo, ghala la kampuni yetu kule Goma. Vita ilikuwa imefika Goma, na simu za kule zilikuwa kimya. Ghafla skrini yangu ikaonyesha VPN imekatika. Nikamtangazia patroni wa kampuni, Mama Furaha, kama mtu anayejua: "Mama, depo imevamiwa."

Mdogo wake alikuwa mule. Mama akavua viatu, akaketi sakafuni. Tulilia wote, mimi kuwashinda.

Ikaingia simu yenye namba ya Rwanda, mtandao wa jirani unaofika hadi Goma. Alikuwa yule mdogo, akimwita dada yake:

"Yaya, tuko bazima! Lakini mashine inakataa kode ya kuingilia VPN. Fundi wako aliibadilisha huko asubuhi, akasahau kutupatia!"

Mama akanigeukia, machozi mashavuni. "Papa Élie, ule fundi njo weye?"

Nilicheka huku nalia. "Njo miye, Mama."