Chetezo kwenye Buti

Nilipokuwa na mimba ya miezi minane, mume wangu alikwenda kununua gari la familia akarudi na gari la mbio la viti viwili, jekundu, kuukuu, paa la turubai. Nikamuuliza mtoto atakaa wapi. Akasema, "Si utampakata." Nikamuuliza, na nikiendesha mimi je? Alikuwa hajafika huko kwenye kufikiri.

Nikikumbuka, damu bado inachemka. Haya nayaandika ikiwa inachemka.

Mtoto alitimiza miezi minne babangu hajamwona. Yuko Urambo, analima tumbaku, na wakati ule tumbaku ilikuwa ndani ya bani, banda la kukaushia, inakaushwa kwa moto. Moto wa bani hauachiwi mtu. Ukizima au ukizidi, jasho la mwaka limekwenda. Kwa hiyo hangeweza kuja Tabora. Sisi ndio tulikuwa twende, Jumamosi. Lakini tunakaa kwa mama mkwe, na mama mkwe akaweka sharti.

"Mjukuu wangu hapandi gari linalonuka vile," alisema. "Toa nepi zako chafu kwenye buti kwanza."

Sijawahi kuacha nepi kwenye buti, hata moja. Ila harufu ilikuwapo kweli, mayai viza matupu, na mtoto akiingia humo tu anakohoa. Sasa ukoo wa mume wangu asili yao Omani, wafanyabiashara wa mjini tangu enzi za misafara, na kwao kunuka ni aibu kuliko kulala njaa. Sisi Wanyamwezi ndio tuliobeba mizigo ya misafara ile. Nilimwambia mume wangu zamu yetu imekwisha, Jumamosi litabeba gari.

Ijumaa mchana, yeye yuko msikitini na mtoto amelala ndani, nikafungua boneti. Kabla ya kujifungua nilikuwa nauza spea, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunieleza. Mipira ya rejeta ilikuwa imezeeka, ukiiminya inalia kama biskuti. Kwa mipira ile tungechemka kabla ya nusu ya njia. Nikakinga ndoo, nikalegeza klipu, nikatoa wa juu na wa chini, nikavalisha mipya, nikajaza maji, nikawasha injini nione kama panavuja. Hapakuvuja.

Ndipo nikauona mpira mwembamba mweusi, umeungwa pale yanapopita maji ya kuoshea kioo. Haukuwa wa pale. Gari lile betri yake iko nyuma, ndani ya buti, na ina mpira wake wa kupumulia unaotoa gesi na kuishusha nje, chini ya gari. Ukiutoa, betri inapumua humo humo ndani, na mayai viza yale mnayavuta ninyi.

Mume wangu akaingia na kanzu yake.

"Mpira huu umeutoa wapi?"

"Kwenye betri. Ulikuwa hauna kazi. Ncha moja imechomekwa, ya pili inaning'inia tu, inatazama barabara."

"Na pua yako inaning'inia inatazama nini?"

Hapo harufu ya udi ikatupitia. Mama mkwe alikuwa nyuma ya gari, buti amelifungua nusu, mkononi chetezo, makaa yamewiva. Nguo za nyumba nzima huzifukiza hivyo, za mtoto pia: chetezo chini, nguo juu, zinafunikwa mpaka zishike. Alikuwa anataka kukiweka butini na kufunga.

Nikamshika mkono, nikakichukua chetezo, nikatembea nacho mpaka ukutani.

"Umeninyang'anya chetezo changu," alisema polepole, kama anayemsomea kadhi mashtaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nirudishie."

Nikamweleza kuwa betri inatoa gesi, kwamba mpira wake wa kupumulia umehamishiwa kwenye maji ya kioo, na gesi ile ikikutana na moto inalipuka. Akasema tangu babu yake aingie Tabora udi haujamlipua mtu. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na kemia nilifaulu, kwa hiyo sikubishana. Injini bado inaunguruma, nikachukua kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi, nikakifudikiza juu ya tundu la betri, nikangoja. Kisha nikakipeleka ukutani hivyo hivyo, mdomo chini, nikakisogezea kijiti nilichokiwasha kwenye makaa yake.

Kikalia pwa. Mtandio ukamdondoka.

"Hiyo ni ya kichupa," nikasema. "Buti ni vichupa vingapi?"

Akamgeukia mwanawe. "Umeing'oa betri pua ili uoshe kioo?"

"Mama, kioo kilikuwa na vumbi."

"Ungetema mate, mwanangu."

Nikazima injini, nikaacha buti wazi mpaka alasiri, ndipo nikaurudisha mpira: ncha moja kwenye betri, ya pili nje kupitia tundu lake la sakafuni. Maji ya kioo yakabaki yatima.

Jumamosi asubuhi gari halinuki. Mume wangu akatoka amependeza, funguo mkononi. Mama yake alikuwa ameshakaa kiti cha abiria, mkanda amefunga, mtoto mapajani.

"Viti ni viwili," alimwambia. "Ulinunua mwenyewe. Mpe mwenzio funguo."

Njiani lori likaturushia tope kioo kizima. Nikasimama pembeni. Kabla sijafungua mkanda, mama mkwe amenipa mtoto, amechomoa nepi ya kitambaa kwenye mfuko, ameshuka, anafuta. Aliporudi aliikunja nepi vizuri.

"Ilikuwa safi," alisema, akitazama mbele. "Hainuki."

Nikawasha gari. Kuombwa radhi zaidi ya hapo sikutegemea.

Babangu alitoka kwenye bani macho mekundu. Akampokea mtoto kwa mikono miwili, akamnusa utosi, akamnusa tena.

"Huyu naye mmemkausha kwa moshi?"

"Nusura," alisema mama mkwe, akaomba maji ya kunywa.