Mkwe Mlangoni, Bisi Jikoni

Watu wa mlimani juu ya Igawilo walisema Tusekile hulala sikio moja likiwa macho. Walikuwa wakimtania, lakini hawakukosea. Tangu mwanawe Asukile alipooa, akamwacha mkewe hapo nyumbani na kwenda kufanya kazi ya jikoni kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai huko Mufindi, kazi kubwa ya Tusekile haikuwa kulima wala kupika. Ilikuwa kusikiliza nyayo za mumewe mwenyewe.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mkwe akipita njiani, mkamwana huingia migombani. Mkwe akiwa uani, mkamwana hubaki ndani, hamsemeshi wala hamjibu. Anania, mume wa Tusekile, alikuwa mzee wa kanisa, na alishasema mara nyingi kwamba mambo hayo Wakristo wameyaacha. Wengine walikuwa wameyaacha kweli. Damari, mke wa Asukile, hakuyaacha. Alilelewa na bibi yake, na mwaka 1955 mimba yake ya kwanza ilipoharibika, bibi alimuuliza swali moja tu: "Ulimwona mkwe?" Alikuwa amemwona. Asubuhi moja ya ukungu walikutana uso kwa uso penye kona ya zizi. Sasa alikuwa na mimba nyingine, tumbo limeanza kumtangulia, na Tusekile, ambaye hakujua kama anaamini maneno ya bibi au haamini, aliona heri alinde.

Basi kaya ile iliendeshwa kwa sauti. Anania akirudi kutoka shambani alianza kuimba wimbo wa kanisa akiwa bado bondeni. Tusekile akimsikia hugonga kifuniko cha sufuria, na Damari hujificha. Hapo ndipo Anania huingia, amekohoa vya kutosha.

Jumamosi moja ya masika, Selemani, dereva wa lori la Iringa, alisimama barabarani akapiga honi. Tusekile aliteremka, akakuta furushi limening'inizwa nyuma ya lori kwa kamba ndefu.

"Mzigo wako huo, mama," alisema Selemani, amesimama mbali, kofia yake nyeupe imejaa madoa ya tope. "Tangu Nyololo umesafiri nje na upepo. Mimi na yeye hatukusalimiana hata kidogo."

"Kwani ni nini, baba?"

"Nguruwe wa Kizungu. Mwanao kasema anaitwa bekoni, kakaushwa kwa chumvi na moshi. Kasema mkatekate vipande vidogo vidogo, mkaange mpaka mafuta yatoke. Vipande vikikauka mvitoe, halafu kwenye mafuta hayo mtie mahindi ya bisi. Kasema mkewe ale, amesikia amekonda." Akacheka akipanda lori. "Na mimi msinikaribishe!"

Damari, ambaye kwa siku nyingi kila chakula kilimtia kichefuchefu, aliposikia harufu ile alimeza mate. Waliingia jikoni, kibanda cha mianzi chenye paa la nyasi na mlango mmoja. Vipande vikalia kwenye sufuria, vikajikunja, vikawa vyekundu na vikavu. Tusekile akaviopoa na kuviweka bakulini. Damari akaiba kimoja, kikamuunguza ulimi, akacheka. Tusekile hakuwa amemsikia akicheka tangu mvua zianze.

"Pilipili imekwisha," Tusekile alisema. "Nakimbia kwa Verediana, hapo juu tu. Mafuta yakichemka sawasawa, tia mahindi, ufunike."

Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni akasikiliza bonde lote. Hakukuwa na wimbo. Akaenda.

Mvua ilimkuta kwa jirani, tena mvua ya milimani, inayoshuka kama imetumwa. Tusekile hakuingoja. Alirudi mbio, pilipili mkononi, na alipofika migombani akasikia sauti ya mumewe. Haikuwa wimbo. Anania alikuwa amekimbia mvua, na mtu anayekimbia mvua hana pumzi ya kuimba. Sasa alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa chini ya upenu wa jiko, mgongo wake umeziba mlango, akizungumza na mtu wa ndani bila kugeuka.

"Nuna," alikuwa akisema. "Nuna mpaka jioni. Jambo lenyewe la asubuhi lilikuwa dogo, na hata salamu unaninyima? Harufu yote hii, na wewe mkono wa birika! Sitoki hapa mpaka unijibu, Mama Asukile."

Tusekile alitaka kucheka. Kisha akaona moshi. Moshi wa kuni hutoka mweupe na kusambaa kwenye nyasi zote. Huu ulitoka mweusi, mahali pamoja, juu ya mafiga. Na hapakuwa na mlio hata mmoja wa bisi.

Akaelewa. Damari alikuwa amesikia kikohozi cha mkwe mlangoni kabla hajatia mahindi, akajibanza, na mafuta yakabaki motoni peke yake. Anania alikuwa akingoja jibu kutoka kwa mtu ambaye angekubali kuungua kuliko kumjibu.

"Baba Asukile, toka hapo!"

Mvua iliyameza maneno. Tusekile akazitupa pilipili, akamfikia, akamvuta koti.

"Si mimi niliye ndani! Mimi niko hapa! Ndani ni Damari, na mafuta yameshika moto!"

Anania aliruka, kinu kikabiringika. Akageuka ili aingie, lakini Tusekile alikuwa ameshauziba mlango kwa mikono miwili.

"Una wazimu, mwanamke? Mtoto wa watu ataungua!"

"Ukiingia wewe atarudi nyuma, na nyuma yake ni moto. Namjua."

"Mara ngapi nimesema kwamba mila hizi—"

"Utahubiri kesho! Leo jifunike!"

Maji yalikuwa yakitiririka kwenye pua ya Anania. Akavua koti, akajitupia kichwani kama mwali, akaenda kusimama migombani, uso umeelekea mashina.

Ndani, moto ulikuwa umesimama juu ya sufuria, ukiyalamba mahindi ya mbegu yaliyotundikwa. Damari alikuwa pembeni, ameuma kanga, mkono mmoja tumboni. Mkono wa pili ulikuwa umeinua kata iliyojaa maji.

"Usimwage! Maji yatautawanya! Kifuniko kiko wapi?"

Macho ya Damari yalikuwa mlangoni.

"Ameondoka, mwanangu. Amejifunika. Kifuniko!"

Kilikuwa miguuni pake. Akakisukuma. Tusekile akajizungushia kanga mbichi mkononi, akakitelezesha juu ya sufuria. Moto ukachomoza pembeni, ukamchoma kiwiko, ukafa. Juu, nyasi kidogo zilikuwa zimeshika wekundu, akazipiga kwa kanga mpaka zikawa nyeusi.

Wakaketi sakafuni wote wawili.

"Nilitaka kupiga kelele," Damari alisema. "Nikaona akijua ni mimi ataingia."

"Mtoto je?"

"Sijui. Hachezi."

Tusekile akaweka kiganja tumboni. Akangoja. Yeye aliyeweza kusikia nyayo za mtu kutoka bondeni, chini ya kiganja chake hakusikia kitu.

Kutoka migombani ikaja sauti iliyofunikwa na koti: "Nigeuke?"

"Bado!"

Akavuta lile bakuli la bekoni. "Kula."

"Sasa hivi, mama?"

"Kula, nimekwambia."

Damari akatafuna kipande, akatafuna cha pili, machozi yakimchuruzika mpaka mdomoni. Akachukua cha tatu. Ndipo kitu kikasukuma kiganja cha Tusekile, kikatulia, kikasukuma tena kwa nguvu, kama kimekasirishwa na mtu. Tusekile hakuuondoa mkono kwa muda mrefu.

Baadaye aliyamwaga yale mafuta yaliyoungua, akakaanga kipande cha mwisho chenye mafuta mengi, akatia mahindi, na safari hii hakubanduka. Bisi zikalia, zikagonga kifuniko, zikatulia. Akachanganya na bekoni, akazijaza kwenye ungo, nyingine akapeleka migombani katika bakuli.

Anania alikuwa amesimama palepale, koti kichwani, mvua imepungua.

"Nini hizi?"

"Za mkamwana wako. Pokea."

Mkono ukatoka chini ya koti, ukachota, ukarudi ndani. Kukasikika kutafuna.

"Anacheza?" aliuliza.

"Anacheza."

Akatafuna tena. "Ndaga," alisema mwishowe, kwa maana ya kushukuru. Kisha: "Hazina pilipili."

"Pilipili ziko topeni. Nenda ukaziokote."

"Basi sasa nigeuke?"

Tusekile akatega sikio. Damari alikuwa ndiyo kwanza anavuka ua kwenda nyumba kubwa, akitembea taratibu, amekumbatia ungo wake wa bisi.

"Imba kwanza," akasema.