Simu za Watoto wa Alhamisi

Afua Serwaa alikuwa fundi cherehani wa Koforidua, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwema, na vitu hivyo viwili vikikutana kwa mtu mmoja, majirani hawalali. Mwaka ule alishikwa na jambo la simu mbovu. Shirika moja lilimpa magunia, likamwomba akusanye simu zilizokufa zikavunjwe kwa utaratibu, madini yake yatumike tena na betri zisiishie mtoni.

Alianza kwa kuhubiri habari za sumu. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakakubali kwamba sumu ni mbaya, na simu zao zikabaki kabatini palepale. Akaahidi kipande cha sabuni kwa kila simu. Wakaja wawili watatu. Wengine walimwambia, "Acha ikae, Serwaa, huenda siku moja ikawaka." Simu iliyotumbukia kwenye supu ya mawese mwaka juzi, iwake kwa muujiza gani?

Ndipo alipokumbuka kanisa. Kanisani kwao watu hutoa sadaka kwa siku walizozaliwa. Waliozaliwa Jumatatu hutoka wakicheza, wa Jumanne wakafuata, na mwishoni hutangazwa nani kashinda na nani kashika mkia. Mkristo anayekubali kushika mkia bado hajazaliwa Koforidua. Serwaa akamwendea Osofo, mchungaji wao, akaomba simu mbovu zishindaniwe vivyo hivyo. Jumapili ya kwanza tu gunia lilijaa. Waliokataa sabuni walitoa bure huku wakipunga leso. Ijumaa, siku aliyozaliwa Serwaa mwenyewe, ikaongoza. Alhamisi ikashika mkia.

Angenyamaza hapo, tungemsifu mpaka leo. Lakini makofi yana utamu wake. Jumapili iliyofuata alishika kipaza sauti, akawataja kwa majina watu wa Alhamisi ambao hawakuleta kitu.

"Alhamisi, mmelala?" akauliza. "Au hizo simu bado mnazinyonyesha?"

Kanisa likacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Jumapili ya tatu Alhamisi walitoka kwa kishindo. Nyuma kabisa alikuja Maame Yaa Frema, mjane aliyeuza karanga langoni mwa shule, akicheza polepole kwa sababu ya magoti yake. Akadumbukiza chake guniani, watu wakampigia makofi, akarudi kuketi.

Wakati wa matangazo, gunia likaanza kulia.

"Lazaro huyo katoka!" mzee mmoja wa Jumatano akasema, na watu wakaangua kicheko. Serwaa akapekua mpaka akaipata, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira.

"Ya nani hii?"

Maame Yaa alikuwa akiutazama ukuta. Serwaa alijua, kama wote walivyojua, kwamba Adoma, mtoto wa pekee wa bibi yule, ni mtumishi wa ndani huko Beirut, na bosi wake humruhusu kupiga simu Jumapili tu. Alisimama mbele ya kanisa zima na ile simu mkononi mpaka ikanyamaza, na tangu azaliwe hakuwahi kuona aibu kama ile.

Mchana akaipeleka nyumbani kwa bibi.

"Maame, nimekuletea simu yako."

"Yangu ni mbovu, mwanangu. Nimeshamtolea Mungu."

"Hii nzima, Maame."

"Basi si yangu."

Simu ikalia tena mikononi mwa Serwaa. Macho ya bibi yalishtuka, lakini mikono yake ilibaki mapajani. Serwaa akabonyeza, akainama, akamwekea sikioni mwenyewe.

"Adoma?" Maame Yaa alisema. "Nipo, mama. Hapana, haijaharibika, nilikuwa ibadani. Umekula? Usinidanganye, umekula nini?"

Bibi alipoagana na mwanawe, Serwaa akaiweka simu mapajani pake. Bibi hakuisukuma, wala hakuigusa.

"Ukiitoa kwenye gunia," akasema, "Jumapili nitakuwa tena yule ambaye hakuleta kitu."

"Sitamtaja mtu tena, Maame. Nakuomba radhi. Sikujua kwamba huna nyingine." Serwaa hakuthubutu kumtazama, na kwa kutafuta pa kujificha akaongeza, "Tena siku ile nilidhani hata hukunisikia. Ulikaa kimya tu."

"Nilikusikia," Maame Yaa akasema bila hasira. "Ulinitaja mara mbili. Ile ya pili, ulisubiri kwanza wamalize kucheka."